Mdogo wangu kashikwa na uhamiaji Marekani, jina limepotea kwenye mfumo. Sisi wa Tanga tuanzie wapi?

#1 Ngamiani12
Wakuu salaam. Naingia kwenye mada.

Mdogo wangu wa tumbo moja yuko Marekani tangu 2016. Alikwenda kwa viza ya masomo, ada ikamshinda, akaacha chuo akabaki anabangaiza. Mwezi uliopita alikamatwa asubuhi akielekea kazini. Habari tulipewa na Mrundi anayepanga naye. Tukaelekezwa ile tovuti ya ICE, idara ya Marekani inayokamata na kurudisha wahamiaji, ya kutafuta mtu aliyeko kizuizini, tukajaza jina na nchi, akatokea: yuko kituo kimoja cha Pennsylvania. Tukapumua. Juzi tumeingia tena, hayupo. Simu hapigi.

Hapa nyumbani kila mtu na lake. Mjomba anataka kuuza shamba la machungwa Muheza tupate hela ya wakili. Mama hataki kusikia habari ya shamba wala ya wakili, anataka kusikia sauti. Na kuna jamaa kaibuka WhatsApp, sijui namba yangu kaitoa wapi, anajiita wakili wa Houston, anataka dola 3,000 kwanza ndipo aseme mtu wetu yuko wapi.

Jina kupotea kwenye mfumo kuna maana gani? Na sisi tulioko huku Barabara ya 12 tuna la kufanya, au ndiyo tukae tukisoma Yasini?

#2 BintiMakorora
Pole kaka. Shamba lisiguswe kwanza. Huyo wa Houston mwambie akutajie jimbo alilosajiliwa uwakili na jina lake kama lilivyo kwenye leseni. Kila jimbo kule lina orodha ya mawakili wake mtandaoni, unatafuta mwenyewe bure. Akianza "ndugu yangu mbona huniamini", mfungie.

#3 Mzamiaji_Mstaafu
Jina likipotea ujue mtu yuko angani anarudi. Tayarisheni wali wa nazi. Mimi Sauzi nimekaa Lindela, kile kituo chao cha kushikilia wahamiaji. Mtu jioni yupo kwenye hesabu, asubuhi jina halisomwi, ukiuliza unaambiwa huyo saa hizi yuko Dar.

#4 KwaMinchi_Original
Mzamiaji, Lindela na Pennsylvania wapi na wapi?

Mleta mada, kule wanahamisha watu sana. Vituo vingi viko Texas na Louisiana, mtu akiwa njiani mfumo unaweza usiwe umesoma kituo kipya. Halafu ile tovuti ni kali kwa herufi. Ukitafuta kwa jina, liwe vilevile walivyoliandika wao. Huku kwetu Mohamed, Mohammed na Muhamadi ni mtu mmoja, kwao ni watu watatu. Una namba yake ya A?

#5 Ngamiani12
Namba ya A ndiyo ipi hiyo?

#6 KwaMinchi_Original
Namba ya faili lake la uhamiaji. Herufi A halafu tarakimu 8 au 9. Zikiwa 8 unatanguliza sifuri. Ipo kwenye kadi ya kibali cha kazi kama aliwahi kupewa, ipo kwenye hati ya wito wa mahakama ya uhamiaji, ipo karibu kila karatasi wanayompa. Ukiwa nayo huhangaiki na jina tena: namba, nchi aliyozaliwa, basi. Hata wakili wa kweli atakuuliza hiyo kabla ya salamu. Mwambie Mrundi afungue droo za mwenzake.

#7 Dada_wa_Pangani
Na huyo Mrundi karatasi zake zikoje? Msije mkamtuma kituoni kumtazama mwenzake naye akabaki hukohuko. Wageni wanaulizwa vitambulisho. Apige picha makaratasi atume, yeye akae mbali.

#8 Ngamiani12
Jumamosi alikuwa aende. Nampigia sasa hivi.

#9 Mzamiaji_Mstaafu
Lindela hakuna cha namba wala nini. Siku 30 tu, zikiisha wanakurudisha, watake wasitake.

#10 Msomi_Chumbageni
Mzee wa meli, si kweli. Kifungu cha 34 cha sheria yao ya uhamiaji ya 2002 kinasema siku 30, na hakimu anaweza kuongeza mpaka 90 nyingine. Na mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya kule iliamua mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Wewe ulikamatwa lini?

#11 Mzamiaji_Mstaafu
Enzi zetu hizo saa 48 zilikuwa hazijazaliwa. Na nilishikiwa Durban nikitoka ndani ya kontena, mnaniletea vifungu.

#12 Kaole_Magofu
Nawasoma kutoka Bagamoyo. Mmeongelea kutafuta, hamjaongelea dhamana, na huko ndiko familia zinakochinjana.

Binamu yangu alishikwa hukohuko Marekani. Hakimu akampangia dola 7,500. Ya chini kabisa kisheria ni 1,500, ya juu haina kikomo. Tukachanga: Dunda, Magomeni, mpaka jamaa wa Zinga waliotoa ng'ombe. Hela ikatimia, tukauliza inatumwa wapi. Kumbe mtu wa Bagamoyo hawezi kuilipa. Analipa mtu aliyeko kule mwenye uhalali wake, raia au mkaazi wa kudumu, na ndiye anayesaini ule mkataba na serikali, fomu I-352. Akapatikana shemeji, akalipa, binamu akatoka.

Kesi ikaisha, binamu akapewa tarehe ya kuondoka akaondoka mwenyewe. Alikuwa hajakosa mahakamani hata mara moja, kwa hiyo dhamana ikarudishwa yote na riba juu. Imerudi kwa nani? Kwa mwenye jina kwenye mkataba. Shemeji.

Mpaka leo kwenye msiba wa ukoo kuna watu wanakaa upande wa mwembe na wengine upande wa kisima. Mkichanga, andikeni nani katoa ngapi, na mlipaji asaini KABLA hajatumiwa.

#13 BintiMakorora
Shemeji alinunua nini?

#14 Kaole_Magofu
Noah. Nyeupe. Anaipitisha mbele ya nyumba ya marehemu mzee kila Ijumaa.

#15 Msomi_Chumbageni
😂 Kaole pole.

Dhamana yenyewe haiko kwa kila mtu. Wenye makosa fulani ya jinai hawaipati, na sheria ya Januari 2025 imeongeza wanaotuhumiwa wizi. Halafu Septemba 2025 Bodi ya Rufaa ya Uhamiaji ikasema aliyeingia kwa kuvuka mpaka bila kupita kwa ofisa, hakimu wa uhamiaji hana mamlaka ya kumpa dhamana. Mawakili wamekuwa wakipeleka habeas corpus, yaani ombi la jaji kuangalia kama mtu ameshikiliwa kihalali, mahakama za shirikisho, majaji wengine wanakubali, wengine hawakubali.

Ila mdogo wake Ngamiani aliingia kwa viza, mlango wa mbele. Hiyo ni karata nzuri, wakili aianzie hapo.

Na liko jambo watu hawalijui. Mwanafunzi aliyeingia miaka ile kwa kawaida hakupewa tarehe ya kuondoka, aliandikiwa D/S, yaani akae muda wote wa masomo. Huyo siku zake za kukaa bila kibali hazihesabiwi kama za mtalii aliyepitisha tarehe. Zinaanza pale ofisa au hakimu wa uhamiaji anapotamka kwamba amevunja masharti. Tofauti yake ni miaka 10 ya kuzuiwa kurudi. Asisaini kitu kabla hajaongea na mtu anayelijua hili.

#16 Ngamiani12
Msomi, sasa wakili tunampataje bila kuuza shamba? Nasikia serikali inampa mtu wakili.

#17 Msomi_Chumbageni
Hiyo ni kesi ya jinai. Ya uhamiaji ana haki ya wakili kwa gharama zake, serikali haimlipii. Mkalimani wa mahakamani ndiye wa bure, na Kiswahili aombe, asione aibu kwa kuwa amekaa huko miaka. Mahakama ina orodha ya mashirika na mawakili wa msaada, imepangwa kwa majimbo, na ndani ya kituo anaweza kuwapigia bila kulipa. Foleni yao ndefu, lakini wapo.

#18 Mwambao_Leicester
Kwa wenye ndugu Uingereza: huku hakuna kikomo cha kisheria cha muda wa kukaa kizuizini. Dhamana inaombwa kwa Wizara ya Mambo ya Ndani au kwa mahakama. Kuna shirika linaitwa Bail for Immigration Detainees, linasaidia bure. Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#19 Usagara_Mkongwe
Mbona hakuna aliyetaja ubalozi? Wizara ya Mambo ya Nje ipo, ubalozi Washington upo. Ila ubalozi hauambiwi mpaka mfungwa mwenyewe aombe, hivyo ndivyo Mkataba wa Vienna wa 1963 unavyosema.

#20 Msomi_Chumbageni
Usagara, kanuni ya jumla ndiyo hiyo, ibara ya 36. Lakini Marekani ina orodha ya nchi ambazo ubalozi LAZIMA utaarifiwe, mtu atake asitake, na Tanzania imo. Kenya haimo. Kwa hiyo ubalozi unapaswa kuwa na jina lake. Waandikieni barua pepe: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, kituo cha mwisho alichoonekana.

Kama ana sababu ya kuogopa kurudi nyumbani, ubalozi usiguswe kabla wakili hajasema.

#21 Usagara_Mkongwe
Ubalozi hauwezi kumtoa lakini. Tusimpe mama wa watu matumaini ya bure.

#22 Dada_wa_Pangani
Hakuna aliyesema utamtoa. Utamtafuta. Mama anataka sauti.

#23 Duga_Horohoro
Ngoja niulize la kipuuzi. Huyo kijana kazaliwa Tanga kweli? Maana sisi wa mpakani nusu tumezaliwa Kenya. Ile tovuti inauliza nchi ya KUZALIWA. Mkiweka Tanzania na wao wameandika Kenya, mtatafuta mpaka mwakani.

#24 Ngamiani12
Duga umenishtua. Mama alikuwa kwa shangazi Mombasa siku zile. Cheti lakini

*[Sehemu ya ujumbe imeondolewa na msimamizi kwa ombi la mwandishi]*

#25 BintiMakorora
Afadhali umeomba kifutwe. Kaka, uzi huu unasomwa na kila mwenye bando. Mambo ya vyeti, majina, kituo, aliingiaje, mwambie wakili peke yake. Huku uliza njia tu.

#26 Duga_Horohoro
Kumbe sikuuliza la kipuuzi. Na kama kaandikwa Mkenya, ubalozi wetu haujaambiwa kitu.

#27 KwaMinchi_Original
Ubalozi unakwenda na uraia, si mahali pa kuzaliwa. Pasipoti yake ni ya Tanzania. Ila hoja ya Duga kwenye tovuti inasimama. Na kumbuka mwanzoni waliweka Tanzania akatokea! Sasa iweje leo awe Mkenya?

#28 Duga_Horohoro
Wakimhamisha wanaandika upya. Karani mwingine, cheti kingine.

#29 KwaMinchi_Original
Unakisia. Faili ni lilelile.

#30 Mikanjuni_Mama
Nimepita kimya toka mwanzo. Naomba niseme kuhusu simu, maana hamjaigusa.

Mwanangu alikaa ndani kule mpaka tukajua amekonda kwa sababu hatupokei simu. Simu ya kutoka kituoni haianzi na "hujambo mama". Inaanza sauti ya mashine, Kiingereza cha haraka, inasema una simu kutoka kwa mtu aliyeko kizuizini, anataja jina lake mwenyewe kwa sekunde moja katikati, halafu unaambiwa ubonyeze tarakimu kukubali. Mimi nilikuwa nakata. Nilijua matapeli wa tuma-kwa-namba-hii. Namba yenyewe ndefu, inaingia saa sita usiku, saa saba. Mashariki ya Marekani wako nyuma yetu saa 7 au 8, Texas na Louisiana 8 au 9. Jioni yao ni usiku wetu wa manane.

Siku mjukuu alipokuwa amelala chumbani kwangu ndiye aliyepokea, akabonyeza, nikasikia "Mama". Muulizeni mama yenu amekata namba ngapi za ajabu mwezi huu. Wala msimgombeze.

Na ninyi hamwezi kumpigia. Anapiga yeye, tena akiwa na salio kwenye akaunti yake ya mle ndani, na simu ya nje ya nchi inakula. Hilo salio wanaweza kumwekea marafiki walioko kule, kwa mtandao. Dola 20 inafanya kazi kuliko shamba.

#31 Ngamiani12
Mama wa Mikanjuni, Mungu akuweke. Nimetoka chumbani kwa mama sasa hivi na simu yake. Ziko. Tena zimo alizozifungia kabisa zisiingie.

#32 Dada_wa_Pangani
Basi leo simu ilale na kijana wa shule, chaji imejaa.

#33 Mzamiaji_Mstaafu
Simu za mwezi mzima au za wiki hii? Kama za zamani tu, mimi nabaki na wali wangu.

#34 Tangamano_Kijiweni
Nyie mnalia na Marekani. Hapa hapa Wahabeshi wanakamatwa Bagamoyo, Handeni, Kabuku, wanapitishwa kwenda Sauzi, wanapelekwa mahakamani, wengine mahabusu zetu. Kuna mama huko Hosaena, Ethiopia, naye anauliza mwanangu yuko wapi, na jina lake polisi wetu wameliandika wanavyojua wao. Nasema tu.

#35 Kaole_Magofu
Umesema kweli, fungua uzi wake tutakuja.

#36 Ngamiani12
Mrejesho. Mrundi hakwenda kituoni. Kafungua begi la mdogo wangu kakuta kadi ya zamani ya kibali cha kazi, namba ya A ipo. Kwenye tovuti ya ICE, namba na Tanzania: hakuna. Namba na Kenya: hakuna. Nimechoka.

#37 Duga_Horohoro
🤐

#38 Msomi_Chumbageni
Ingia tovuti ya pili, ya mahakama za uhamiaji. Hiyo si ya ICE. ICE iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, mahakama ziko chini ya Wizara ya Sheria, mifumo miwili tofauti. Huko unaweka namba ya A na uraia tu. Inakuonyesha kama kesi ipo, tarehe inayofuata, mahakama ipi, na kama hakimu ameshatoa amri. Mahakama hizo zina na namba ya simu ya 1-800, hiyo usihangaike nayo ukiwa Tanga.

Na kama alifunguliwa kesi ya jinai akahamishiwa jela ya kaunti, ICE hawatamwonyesha maana hayuko mikononi mwao. Mrundi atafute pia kwenye orodha ya jela ya kaunti aliyokamatiwa.

#39 Usagara_Mkongwe
Au wamemwachia, kaona aibu kupiga nyumbani hana kazi. Yapo.

#40 Dada_wa_Pangani
Angefika chumbani kwake, Usagara. Begi limefunguliwa na Mrundi.

#41 Ngamiani12
Nimeingia. KESI IPO. Hakuna amri iliyoandikwa. Kuna tarehe ya kusikilizwa mwezi ujao, na mahakama iliyoandikwa ni ya Louisiana. Pennsylvania haipo tena.

#42 KwaMinchi_Original
Si nilisema kahamishwa! Tovuti ya ICE iangalieni kila siku, atatokea. Wakili naye atafutwe kwenye orodha ya Louisiana sasa, wa Pennsylvania atakuwa mbali na kituo.

#43 BintiMakorora
Huku nyumbani mkusanye: nakala ya pasipoti, cheti, vyeti vya shule, barua za watu wanaomfahamu. Barua ya serikali ya mtaa iko Kiswahili, itataka tafsiri. Mtafsiri si lazima awe wa serikali, anaandika tamko kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, anasaini, anaweka anwani na simu yake. Skani, usitume picha za kivuli cha kidole.

#44 Msomi_Chumbageni
Lete barua Chumbageni nitatafsiri bure. Cheti usiniletee, hicho muulize wakili kwanza.

#45 Mzamiaji_Mstaafu
Louisiana mnaifurahia nini? Alexandria ndiko kuna kituo cha ICE kwenye uwanja wa ndege, watu wanakusanywa hapo kupandishwa ndege za kurudishwa. Haya ni mambo yanayojulikana, someni. Nilisema post ya 3 mkanicheka.

#46 KwaMinchi_Original
Mwenye kesi ambayo hakimu hajaimaliza hapaswi kupandishwa ndege ya kurudishwa, mzee. Na Louisiana ina vituo kibao, si Alexandria peke yake.

#47 Mzamiaji_Mstaafu
Labda kama hajasaini. Mle ndani mtu akichoka anasaini kukubali kuondoka, hakimu anapitisha bila hata kumwona. Mtandao utaonyesha siku wakijisikia.

#48 Msomi_Chumbageni
Hapo kwa kusaini Mzamiaji yuko sawa, kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu. Ngamiani12, Mrundi aliongea naye mara ya mwisho lini, na alimtajia karatasi yoyote aliyopewa asaini?